Kiti cha Jumamosi

Florent Baert alikuwa kinyozi mjini Gent, na kila Jumamosi alimnyoa ndevu Joris, fundi saa. Povu, wembe, taulo la moto. Mkono wake ulipita shavuni mwa Joris mbele ya wateja wote, na hakuna aliyekuwa na la kusema. Si ndiyo kazi ya kinyozi?

Zaidi ya hapo aliunyima moyo wake kila kitu. Walipokuwa vijana, vita vimekwisha juzi tu, Joris alimwambia, "Twende Antwerpen, Flo. Tupange chumba. Nani atatujua kule?" Florent akacheka kama aliyesikia mzaha, na kabla ya Pasaka akamchumbia Godelieve. Alikuwa mume mwema. Alimpenda mkewe kama mtu anavyompenda dada yake, naye Godelieve akafa bila kulalamika, jambo lililomuuma Florent kuliko lawama. Joris hakuoa. Alikuja tu Jumamosi, akaketi, akafumba macho.

Jumamosi moja kiti kikabaki kitupu. Joris alikuwa amepooza upande mmoja. Florent akafunga duka mchana kweupe, akabeba mkoba wake hadi kwa Marleen, dada yake Joris.

"Afadhali umekuja," Marleen akasema. "Mimi nikimnyoa ananikodolea macho kama kuku anayechinjwa." Akatwaa kikapu, akaenda sokoni, akawaachia nyumba.

Florent akampaka povu. Akamnyoa shavu moja. Akauweka wembe chini.

"Joris, ile ya Antwerpen... nilitaka kwenda. Nilitaka mno. Niliogopa watu, nikamwogopa Mungu, na zaidi nikajiogopa mwenyewe. Nakupenda, bwana. Sijawahi kuacha."

Joris alihangaika na ulimi mzito. "Mpumbavu," akatamka mwishowe. Chozi likamtoka, likachora njia kwenye povu. "Nilijua. Ulidhani... nafuata kunyolewa? Wembe ninao."

Florent akacheka huku analia, akainama, akambusu mdomoni, povu likamwingia puani.

Marleen aliporudi aliwakuta wameshikana mikono, ndevu za upande mmoja zingali pale pale. Akaweka kikapu mezani.

"Supu inatutosha watatu," akasema. "Ila mmalize kunyoana kwanza. Huyo anatisha."

Tangu hapo Florent akawa anafunga duka mapema kila siku. Majirani wakasema, wakasema, hadi wakachoka.