Kimetoka?

Ilikuwa siku ya tano Mayasa hajapata choo, na hapo mama yake, Shaikha, akaanza kuogopa kwelikweli.

Mwanzoni alikuwa akiudhika tu. Mtoto ana miaka mitatu na ushee, pampasi ameshaachishwa, poti la njano lenye masikio amenunuliwa, ubuyu ameahidiwa, papai amelishwa mpaka akalichukia. Mkojo hamsumbui mtu, tena huwakojolea kuku nyuma ya banda bila kubembelezwa. Lakini haja kubwa akiisikia tu, hubana miguu, hung'ang'ania mlango wa choo na kutetemeka. Nesi wa zahanati alimpa dawa ya kunywa, akasema ikifika kesho mchana bado, apelekwe hospitali. Shaikha alilibonyeza lile tumbo dogo, akalikuta gumu kama muhogo mbichi. Mwaka huu alikwishapoteza mmoja. Wa pili asingeweza.

Katika nyumba hiyo ya Mapinga ulimi ulikuwa na askari wake. Bi Mwanahija, mama mkwe wa Shaikha, hakutaka kusikia maneno ya uwanjani. Kwake yeye mtoto hanyi, mtoto "kinamtoka". Kwa hiyo kila aliyepita mlango wa choo aliuliza kwa adabu zake zote, "Kimetoka?" Hata Mbaruk, baba yake Mayasa, alikwishapiga simu mara tatu asubuhi ile kutoka dukani kwake Bagamoyo kuuliza neno hilohilo.

"Kaa, mwanangu," Shaikha alisema, amepiga magoti mbele ya poti. "Kitoke tu. Kikishatoka tunakimwagia chooni, tunatia maji, kinakwenda zake."

Mayasa alipiga ukelele ambao mama yake hajapata kuusikia. Alimrukia shingoni na kumkaba hata pumzi zikamwia tabu.

"Sitaki kutoka."

"Si wewe unayetoka, mama."

"Mtoto alitoka humu. Bibi alisema kwenye simu, mtoto katoka chooni. Halafu akamwaga maji, ndoo nzima."

Shaikha akakaa sakafuni, mtoto shingoni. Ilikuwa mwezi wa Rajabu, mimba ina miezi mitano, na ilikuwa humuhumu, kwenye sakafu hii. Alichokumbuka ni damu, na sauti ya Bi Mwanahija ikisema, "Mtoto katoka, Mbaruk, chooni, njoo na gari." Kisha akazimia. Alizindukia hospitali, na tangu siku hiyo hakuuliza kitu. Watu walimsifu kwa subira. Haikuwa subira hata kidogo, ulikuwa woga. Aliogopa jibu lilelile ambalo binti yake alikuwa amelibeba peke yake miezi yote hii, huku wao wakimkalisha na kumwambia kitoke.

"Kaenda wapi?" Mayasa aliuliza.

Shaikha hakujua.

"Mama," aliita. Bi Mwanahija akaja mlangoni na ungo wa mchele mkononi.

"Kimetoka?"

"Mwanangu mlimpeleka wapi?"

Bi Mwanahija alimtazama mkwewe, kisha mjukuu wake, akauweka ungo chini polepole.

"Nilimwosha kwa mikono yangu," alisema. "Sanda nilikata kwenye mtandio wangu wa kuswalia. Mbaruk akamzika ubavuni mwa kaburi la babu yake, na jina tukampa, Yousuf. Maji niliyomwaga yalikuwa ya kuosha sakafu, mwanangu, basi. Kila siku nangoja uniulize. Nami naogopa kukutonesha."

Shaikha alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Rajabu. Alilia mpaka Mayasa akamfuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akaushika uso wa mtoto kwa mikono miwili.

"Umesikia? Mtoto hakuingia chooni. Yuko kwa babu. Na wewe hapa hutoki, wala hutolewi. Unakunya tu, Mayasa. Mavi ndiyo yanayokwenda na maji."

Bi Mwanahija alifumba macho aliposikia maneno hayo.

"Kunya?" Mayasa aliuliza, akimwangalia bibi yake kwa wasiwasi.

"Haya," bibi alisema. "Kunya, mjukuu wangu."

Mayasa akakaa, mkono mmoja kamshika mama, wa pili kamshika bibi. Ilichukua muda. Adhuhuri iliadhiniwa ikapita, kuku wakaula mchele wa kwenye ungo, na hakuna aliyewafukuza. Iliuma, akalia, na Shaikha aliogopa mpaka dakika ya mwisho.

"Nimekunya," Mayasa alisema.

Aliinuka, akainama juu ya poti, akachungulia kwa muda mrefu, huku na huku, kuhakikisha.

"Si mtoto," alimwambia mama yake.