Dhamana ya Gelle

Siku ya kutolewa nyuzi, Kinsi aliketi kwenye benchi la hospitali pale Garissa, nguo ameishusha bega moja, akimtazama dresa Mahat, mfunga vidonda, akichovya mkasi katika maji ya moto. Mama mkwe wake, Fatumo, alikuwa amesimama mbele yake ametandaza shuka kwa mikono miwili, ili wanaume waliopanga foleni ya kwinini wasione kitu. Mmoja alinyoosha shingo. Fatumo akamwuliza kama mamake hakuwa na ziwa. Shingo ikarudi mahali pake.

Fatumo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa juu ya ule uvimbe wa ziwani. Utotoni aliishi Masalani, karibu na wavushaji wa mitumbwi, na huko akaokota vitendawili vya Kiswahili kama watoto wengine wanavyookota kokoto. Kinsi alimjia akamwambia: "Mgeni hakubisha hodi, hakuomba maji, na bado ananenepa." Fatumo hakuuliza jibu. Alimshika mkono wakaenda kwa daktari.

Daktari alikuja akatazama kovu, akaliminya pembeni, akaridhika. Mahat akawa anafasiri.

"Kilikuwa kidogo. Tumekiwahi," daktari alisema. "Nimetoa chote ninachokiona. Nisichokiona, sijui kama kipo."

Akaeleza kwamba njia ni mbili. Nairobi, katika hospitali kubwa, kulikuwa na mashine ya miale. Angekaa huko wiki nyingi, ngozi ingeungua kama ya mtu aliyelala juani, na angechoka mchoko wa kutotaka hata chai. Lakini kama kuna mbegu iliyobaki, miale ingeiunguza. Au abaki nyumbani, apimwe mara kwa mara. Huenda asione kitu maisha yake yote. Huenda kikarudi, na kikirudi hakiji kidogo.

"Ungekuwa dada yangu ningekwambia nenda," daktari alisema. "Lakini kifua ni chako. Msafara wa malori unaondoka Jumatatu."

Njiani Fatumo alikuwa na furaha. "Umesikia? Moto! Mimi nilishangaa tangu mwanzo. Jipu la ngamia hukatwa na kuchomwa hapo hapo, maana ugonjwa na moto havilali zizi moja. Huyu kakata, kaacha nusu ya kazi. Sasa twende Nairobi kutafuta moto, kwani sisi tumekosa kuni?"

Walikuwa wakikaa katika kijiji cha kuzungushiwa waya, kama watu wote mwaka ule serikali ilipopigana na shifta, waasi wa msituni. Jioni Fatumo alikiweka chuma cha kuchomea mifugo kwenye makaa. Kinsi alishusha nguo, akauma ncha ya shuka. Chuma kilikuwa kimeanza kuwa chekundu Gelle, mumewe Kinsi, alipoingia, akaning'iniza fimbo yake, akamshika mamake mkono.

Gelle alikuwa amekufa tangu mvua ndefu zilizopita. Alipigwa risasi bwawani, upande wa kwenda Ijara, akinywesha ngamia, na ngamia wakapigwa pamoja naye. Sehemu ile ilikuwa imepigwa marufuku, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kwenda kumchukua. Hakuoshwa, hakuvikwa sanda, hakusaliwa. Basi kila baada ya magharibi alikuja nyumbani. Askari wa lango walimpekua kama walivyompekua kila mtu na kumwambia afanye haraka, kafyu inakaribia. Mgongoni mwa shati lake palikuwa na tundu, na humo mlitiririka mchanga mkavu wa bwawani, kidogo kidogo. Asubuhi Fatumo aliufagia.

"Hooyo, mama yangu," Gelle alisema, "yule ngamia mweupe, si ulimchoma wewe kwenye kiwele?"

"Nilimchoma vizuri sana."

"Na jipu likarudi kwa ndani. Moto wa juu haujui njia ya huko. Wa kwao unapenya."

Fatumo alikitazama chuma, kisha akakitumbukiza majini. Kinsi akapandisha nguo. "Nitaenda Nairobi," alisema.

Lakini Msomali havuki daraja la Tana bila kibali. Kesho yake Kinsi alisimama mbele ya meza ya afisa.

"Mume wako yuko wapi, mama?"

"Mume yangu amekufa, bwana."

"Sisi tunajua yuko msituni na shifta. Mke wa shifta havuki."

"Amekufa. Alipigwa bwawani."

"Na nani?"

Kinsi alitazama sakafu. Afisa hakuwa mtu mkali. Alingoja, kisha akamsaidia kufikiri. "Tazama, mama. Sisi tunapiga shifta peke yake. Mumeo alikuwa shifta?"

"Hapana. Alikuwa nanywesha ngamia."

"Basi hakupigwa. Kama hakupigwa, hajafa. Kama hajafa, yuko msituni. Mlete."

Kinsi alirudi akamweleza Gelle jioni. Gelle alifikiri, akaomba alale hapo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afe. Asubuhi walikwenda pamoja. Juani alionekana mwembamba zaidi, na mbuzi walimpisha njia, lakini watu walimsalimia na yeye akaitikia.

Afisa alimpa kiti. Alizunguka nyuma yake, akalitazama lile tundu, akakung'uta mchanga ulioangukia kiatu chake.

"Wewe ndiye Gelle?"

"Ndiye."

"Uko hai?"

"Hapana, bwana."

"Lakini unazungumza."

"Nazungumza."

"Maiti haji ofisini kuzungumza na serikali," afisa alisema, akamgeukia karani. "Andika amejisalimisha."

Kisha, kwa kuwa alikuwa na dada yake mwenyewe aliyefanyiwa upasuaji, alipunguza sauti. Angempa Kinsi kibali. Gelle abaki kituoni kama dhamana, na Kinsi aweke dole gumba kwamba huyu ni mumewe, yu hai, na alitoka msituni kwa hiari yake. "Nakusaidia tu, mama. Rudi kesho asubuhi na jibu."

Hapo ndipo ugumu ulipoanza, na tuuseme wazi. Sheikh wa kijiji alikuwa ameahidi kumsalia Gelle sala ya maiti asiyekuwepo, Ijumaa ya kwanza watakayopewa ruhusa ya kukusanyika. Baada ya sala hiyo Gelle angepumzika. Kinsi angekaa eda kwa nguo nyeupe aliyoshonewa na Fatumo, angelia kilio chake, angemaliza. Sasa, mtu akishawekewa dole kwamba yu hai, sheikh gani atamsalia? Na mke wa mtu aliye hai anakaa eda ya nani?

Jioni ile waliketi watatu. Chai ilipoa.

"Weka dole," Gelle alisema. "Mimi siumwi na kitu tena."

"Nyamaza wewe," Kinsi alimjibu. "Nikuuze mimi? Nikaseme ulikuwa shifta, watoto wa kaka zako wasikie?"

"Watoto wa kaka zangu wanajua nilikuwa wapi. Ngamia wao ndio niliokuwa nao."

"Daktari mwenyewe hana hakika. Alisema huenda hakuna kitu. Niweke dole kwa 'huenda'?"

"Huenda ni kubwa. Mimi siku ile nilisema huenda askari hawatapita."

Kinsi alimgeukia mkwewe. Gelle alikuwa mwanawe wa pekee, maana kaka zake walikuwa wa mama mwingine, na hakuna neno ambalo lingekuwa halali bila yeye. Fatumo alikuwa akiukusanya mchanga kwa kiganja, akiumwaga, akiukusanya tena.

"Kitendawili," Fatumo alisema.

"Tega," Kinsi akaitikia, ingawa hakuwa na moyo wa mchezo.

"Nina ng'ombe wawili mtoni. Mmoja mamba kamla, ninashika mkia. Wa pili mamba anamnusa. Mikono yangu ni hii miwili. Nifanyeje?"

Kinsi alijaribu jibu moja, akalikataa mwenyewe. Kwa kawaida yeye ndiye aliyekuwa mwepesi.

"Umeshindwa," Fatumo alisema. "Nipe mji."

Walitazamana. Gelle aliinamisha kichwa.

"Nakupa Nairobi," Kinsi alisema.

"Nairobi nimefika. Nimekula mkate wao, nimekunywa chai yao ya maji maji. Jibu ni hili: mwachie mamba mkia." Akajifuta mikono kwenye nguo, akaenda nje, akakaa huko mpaka askari wa kafyu akamwambia, "Bibi, ingia ndani." Alimwita askari mwanangu, akaingia.

Asubuhi Kinsi aliweka dole. Wino haukutoka vizuri, akaambiwa arudie, akarudia. Gelle alivua viatu, akaingia kwenye chumba alichoonyeshwa. Jumatatu lori lilivuka daraja.

Nairobi ilikuwa baridi. Mashine ilinguruma juu yake kama ngamia dume aliyekasirika kwa mbali, na ngozi ya kifua ikawa nyeusi, ikabambuka, ikaota nyingine. Wauguzi walipomwuliza habari za nyumbani, alisema mume yuko salama. Ndivyo ilivyokuwa imeandikwa.

Aliporudi, afisa yule alikuwa amehamishwa. Yule mpya alisema hawezi kumwachilia mtu aliyejisalimisha, na hawezi kutangaza kifo cha mtu anayefagia uwanja wake kila siku. Vita vikaisha. Waya ukakunjwa, watu wakarudi malishoni na ngamia wachache waliobaki. Hakuna aliyeulizwa habari za bwawa. Fatumo alipofariki alisindikizwa na watu wengi, akaoshwa, akasaliwa. Gelle alipewa ruhusa ya kumzika mamake, arudi kabla ya adhuhuri, na alirudi.

Uvimbe haukurudi. Daktari aliyekuja baadaye alimwambia Kinsi hawezi kujua kama ni kwa sababu ya miale au kwa sababu hapakuwa na kitu tangu mwanzo. Kinsi alimshukuru.

Mara kwa mara hupita kituoni na shati lililopigwa pasi. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo hutembea polepole. Gelle hajaota mvi hata moja. Askari wageni humpa bibi kiti kivulini na kumwuliza kama yule kijana mwenye ufagio ni mwanawe.

"Mume wangu," husema Kinsi. "Yuko kazini."