Kiti cha Msimulizi

Fundi cherehani alikuwa amepona homa, lakini donge alilorudi nalo rohoni lilikuwa halina dawa. Wiki mbili tu alizolala kitandani, shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikikalia kiti chake na kuwasimulia watu wake hadithi yake. Na watu walifurahi. Hilo ndilo lililomkera. Wangepiga miayo angalau mara moja, angewasamehe.

Tueleze mchezo wenyewe, maana kuna wanaosikia dadu wakawaza kamari. Kila Jumamosi mchana, Fundi akishafunga kazi, meza ya kukatia nguo husafishwa na watu wanne huizunguka. Watatu ni wachezaji, na kila mmoja amejitungia mtu wake: Kinyozi ni askari mtoro, Nesi ni mganga, Shemeji ni mhunzi wa kike aitwaye Bi Nyundo. Wa nne, Fundi, ni msimulizi. Yeye ndiye mvua na jua, ndiye adui na ndiye mwenye nyumba ya wageni. Wachezaji husema wanataka kufanya nini, naye husema kimetokea nini. Jambo likiwa la hatari, hurusha dadu yenye pande ishirini nyuma ya kipande cha kadibodi alichokisimamisha mbele yake. Kumi na moja kwenda juu, umepona. Chini ya hapo, imekula kwako. Dadu anaiona yeye peke yake, na akishatamka hakuna rufaa.

Alikuwa na siri. Kwa miaka sita alikuwa akidanganya, tena bila kinyongo na mtu. Nesi akija macho mekundu kwa kufiwa na mgonjwa wodini, dadu ikasema mbili, Fundi husema kumi na mbili. Aliamini hiyo ndiyo kazi ya msimulizi: kujua nani leo hana nguvu ya kupoteza kitu kingine.

"Yule mlinzi wa daraja aliyemtunga Shemeji, jamani!" Kinyozi alianza, Fundi hata hajakaa sawa. "Mwenye mafua! Jumatatu nilimkumbuka nikacheka, nikamnyoa mteja upande mmoja nikasahau wa pili."

"Mimi alipotuaga nililia," Nesi akasema.

"Kwangu umewahi kulia?" Fundi aliuliza, akijifanya anatania.

Nesi alifikiri kidogo. Kule kufikiri kulimchoma Fundi kuliko jibu lolote.

"Nilibahatisha tu, shemeji," mdogo wa mkewe akasema kwa upole. "Kiti ni chako."

Heri asingesema. Kiti chake mwenyewe anarudishiwa kama mwenye mwavuli ulioazimwa! Asubuhi ile mkewe alimwambia kavukavu, "Una wivu, mume wangu. Tena wa kitoto." Alikana mpaka jasho likamtoka. Sasa kila kicheko cha Kinyozi kiliusukuma wivu huo ndani zaidi.

Hadithi iliwafikisha kwenye korongo. Juu palikuwa na kamba moja, chini kabisa maji yenye mawe.

"Bi Nyundo anatangulia," Shemeji alisema. "Nafunga nyundo mgongoni, navuka."

Fundi akarusha dadu. Kumi na saba. Angeitamka, mambo yangekwisha. Lakini aliwawaza wakimlilia mlinzi wa daraja mwenye mafua, na neno lingine likamponyoka.

"Tatu. Kamba imekatika. Bi Nyundo hatunaye tena."

Alingoja kelele. Kinyozi alimtazama Nesi, Nesi akatazama meza. Shemeji alichukua karatasi yake, ile aliyoandika habari za Bi Nyundo kwa miaka minne, akaikunja taratibu mara mbili.

"Fundi," Kinyozi alisema. "Ni kumi na saba."

"Nani kakwambia?"

Kinyozi alielekeza kidevu nyuma ya Fundi. Pale ukutani palikuwa na kioo kirefu cha wateja kujaribia nguo. Fundi alikitundika mwenyewe, kimeinama mbele kidogo ili mtu aone mpaka pindo la chini. Aligeuka. Aliuona uso wake, na pembeni yake, upande wa ndani wa kadibodi, dadu imelala wazi. Namba ilikuwa imegeuka, lakini ilisomeka. Miaka sita anawapima watu mbele ya kioo kile, na hakuwahi kukaa upande wa wachezaji hata siku moja.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo," Nesi akajibu. "Zile mbili zako zote ulizozifanya kumi na mbili, tulikuwa tunaziona. Tulikubaliana tusikwambie."

"Mimi nilipokaa hapo nilikifunika kwa kitambaa," Shemeji alisema bila kuinua macho. "Nilijua siwezi kuwabadilishia namba mbaya kwa huruma kama unavyofanya wewe. Sikutaka walione hilo."

Aibu ilimpanda Fundi mpaka masikioni.

"Kumi na saba," alisema. "Bi Nyundo amevuka. Nisamehe, shemeji."

Shemeji aliikunjua karatasi na kuipapasa kwa kiganja. Mikunjo haikutoka.

Ikafika zamu ya Kinyozi kuvuka. Dadu ilibingirika, ikasimama kwenye mbili. Fundi hakuhitaji kugeuka kujua kwamba wote wameiona. Akafungua mdomo aseme kumi na mbili kama alivyozoea, na kwa mara ya kwanza neno likagoma. Jumamosi zilizopita wangeupokea uongo huo. Leo hakujua kama kuna ambaye angeutaka.

"Mbili," alisema.

Kinyozi alikuwa na yule askari mtoro tangu siku ya kwanza. Akavuta kiti chake karibu na meza.

"Basi nimeanguka," alisema. "Nisimulie vizuri."