Makombora ya Mfenesi

Siku makombora yalipoanza kuchipua, mke wa seremala alikuwa sebuleni kwake, amekaa nyuma ya cherehani, akipinda ukingo wa turubai. Turubai lilikuwa la jeshi, zito, na alilazimika kulikalia upande mmoja lisimponyoke. Afisa manunuzi wa kambi aliingia bila kubisha hodi, akavua kofia, akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza glasi alisema makombora yametoa majani, na yale ya karibu na bomba yana matawi kabisa.

"Makubwa, afande?" mwanamke akauliza.

"Ndege wamejenga, shemeji."

Basi ndivyo walivyozungumza, kama watu wanaoongelea paa linalovuja. Wote wawili walijua kisa chenyewe. Makombora ya kweli yalikuwa yamelipiwa, ila fedha ziliishia kwa wenye meno, na gwaride lilikuwa limekaribia. Afisa akampa seremala magogo ya mfenesi uliokatwa juzijuzi nyuma ya jiko la kambi. Mbao zilikuwa mbichi hadi zinatoa utomvu. Seremala angeweza kusubiri zikauke, lakini alikuwa mtu wa kupenda sifa. Akapasua, akagundisha, akapaka rangi ya kijani, akarudi nyumbani anatamba kwamba hata rubani wa adui angeingia mkenge. Mkewe akashona maturubai ya kuyafunika.

Jioni ile askari walikuja kumchukua mume. Shtaka lilikuwa la kuhujumu zana za ulinzi kwa kuziotesha majani.

Kesi ilikawia, mafenesi hayakukawia. Yalitoka ubavuni mwa makombora, kama ilivyo kawaida ya mfenesi, yakanenepa, yakaiva, na harufu yake ikaruka ukuta wa kambi bila kibali cha mtu. Sheria ya siri za ulinzi ilikuwa imebandikwa getini kwa herufi nyekundu: ni kosa kujua, ni kosa kutaka kujua, na ni kosa kutomripoti anayejua. Kwa hiyo mtaa mzima ukapata mafua. Watu walipita wameshika leso puani, wakapeana pole. Fundi viatu wa pale kona, ambaye mate yalimjaa mdomoni tangu asubuhi, aliwaambia wateja kwamba mwaka huu hali ya hewa imekuwa mbaya.

Kesi ilisikilizwa faraghani, madirisha yamefungwa. Wakili wa seremala aliuliza zana hizo zimetengenezwa kwa kitu gani. Mwendesha mashtaka akasimama na kusema hiyo ni siri ya ulinzi. Wakili akakaa. Seremala akaomba aseme mwenyewe.

"Mheshimiwa, ubao mbichi ..."

Hakimu akamnyamazisha kwa mkono, akamweleza kwa upole kwamba neno hilo ni kosa jingine. Akaliongeza kwenye hati.

Alibaki mke. Wakili alikuwa amemweleza mapema, bila kumficha kitu: akitamka kwamba ni mbao, hakimu atalazimika kuamua kama mti unahitaji kushawishiwa ili uote, na mumewe huenda akatoka. Yeye mwenyewe ataingia mahali pake. Alikuwa na mabinti wawili, na mdogo bado anabebwa mgongoni.

"Mama, turubai lako lilifunika nini?" wakili akauliza.

Alimtazama mumewe. Alikuwa amekonda, kola ya shati inamcheza shingoni. Mume hakumkatalia kwa kichwa wala hakumwitikia. Alimtazama tu, na mwanamke alitamani angalau amkonyeze, amwamulie.

"Makombora," akasema.

"Ya namna gani?"

"Ya chuma."

Seremala akainamisha kichwa kama mtu aliyeambiwa chakula kimekwisha. Alipewa miaka minne kwa majani, na mmoja kwa neno. Mkewe alilia njia nzima, kwa aibu zaidi kuliko kwa huzuni. Waliokutana naye walimpa pole ya mafua.

Msimu uliofuata afisa manunuzi alirudi. Maturubai yalikuwa hayatoshi tena. Alimpeleka kambini akapime upya, naye akapanda ngazi na futi yake shingoni, akawafukuza ndege, akazungusha futi kwenye kila kombora.

"Hapa kiunoni legeza, shemeji," afisa alisema. "Mwaka huu yamebeba."

Akayashonea mifuko ya kushikilia mafenesi, maana yalipoanguka yalishtua walinzi. Wake za wakubwa walipelekewa yao ndani ya makasha ya risasi. Siku za kumtembelea mumewe gerezani, askari alikaa katikati yao, wakazungumza habari za watoto. Mara moja mume aliuliza kama bado anapata kazi. Akasema anapata. "Afadhali," mume akasema, kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko lawama yoyote.

Kisha jeshi likaamua kuongeza makombora. Mchana mmoja mwanamume kijana alisimama mlangoni, vumbi la randa limemkaa kwenye kope. Mkewe, mjamzito wa miezi ya mwisho, alikuwa amekaa kwenye ngazi nyuma yake akijipepea kwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Samahani kukusumbua. Nimepata kazi kule kambini, na mbao walizonipa nikizishika naziona bado zina maji. Nikasema nije kwako, maana mzee aliwahi kuifanya kazi ile. Alikuwa anaziacha muda gani kabla hajazichonga?"

Jibu alikuwa nalo. Mumewe alikuwa amelirudia nyumbani mara nyingi kabla sifa hazijamzidi. Alimtazama kijana, akamtazama yule wa kwenye ngazi na tumbo lake. Huenda alikuwa seremala kweli. Huenda alikuwa ametumwa. Akaushikilia ukingo wa turubai kwa mikono miwili.

"Mbao gani, mwanangu?"

Kijana akaomba radhi, akamsaidia mkewe kuinuka, akaenda kuanza kazi.