Mia na Arobaini

Ofisini kwao walimwita Bi Mhuri, naye hakukasirika. Alikuwa karani wa masjala mwaka wa kumi na tisa huo, na kwake jambo lisilo na mhuri lilikuwa porojo tu. Ungemwambia mvua inanyesha, angekuuliza nani kaidhinisha. Basi mdogo wake aliposhika mimba ya pili, Bi Mhuri alijipiga kifua akasema kazi ya kutafuta mkunga aachiwe yeye.

Alikuwa na sababu zake. Mtoto wa kwanza alipokewa na mama mmoja wa mtaani, mcheshi, mwepesi wa mikono, cheti hana. Mambo yalipoharibika, mama yule alibaki kuomba dua badala ya kupiga simu, na mtoto wakamzika jioni ile ile. "Safari hii," Bi Mhuri alimwambia shemeji yake, dereva wa malori ya masafa marefu, "atakuwa muuguzi mkunga aliyesomea, mwenye leseni iliyo hai, nitakayoisoma kwa macho yangu mawili." Shemeji akakubali, akapanda lori lake akaenda zake. Mama yao alikwisha kufa zamani, mdogo mtu kalelewa na dada mtu, na nyumba hiyo neno la dada halikuwa na rufaa.

Jumamosi nne mfululizo aliburuza mkoba wake na mdogo wake, mwenye tumbo la miezi mitano, mjini kote. Mkunga wa kwanza leseni yake ilikuwa imekwisha miezi minne nyuma. "Nimeshapeleka maombi," alijitetea. "Yakijibiwa utaniita," alisema Bi Mhuri, na tayari alikuwa mlangoni. Wa pili alikuwa na leseni safi ndani ya fremu, ila picha ilikuwa ya mtu mwingine. "Ya dada yangu," mama huyo alisema bila haya. "Alinifundisha kila kitu."

Wa tatu alikuwa binti mdogo, leseni halali. Alifunga dirisha, akaomba wanyamaze, akainama juu ya tumbo na kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto. Akasikiliza. Akakihamisha, akasikiliza tena, jicho kwenye saa ya mkononi, midomo ikihesabu. Ilichukua muda mpaka Bi Mhuri akaanza kutikisa mguu.

"Anatafuta kama aliyedondosha sindano," alisema walipofika nje. "Na leseni yenyewe ya miaka miwili, plastiki bado inanukia duka."

"Mimi nimempenda, Dada. Hana haraka."

"Hana uzoefu, mdogo wangu. Usinichoshe."

Wa nne ndiye aliyemaliza ubishi. Alikuwa na chumba juu ya karakana ya fundi vyuma: kitanda chenye godoro la plastiki, pazia la kijani, mizani, beseni la kunawia, na ukutani leseni iliyohuishwa mara zote kwa miaka thelathini na moja bila kuruka hata mwaka mmoja. Bi Mhuri aliisoma namba kwa namba, akaihakiki kwenye baraza la wauguzi, akaona raha moyoni kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja. Mkunga mwenyewe alikuwa mtu mzima, mtulivu, na ukizungumza alikutazama mdomoni mpaka umalize. Bi Mhuri aliuita huo usikivu. Hata msumeno wa fundi ulipolia chini, wao wakaziba masikio, mkunga aliendelea kuinama na kipembe chake bila kukunja uso. "Umeona umakini huo?" Bi Mhuri alimnong'oneza mdogo wake. Mkunga akanyanyuka, akaandika kwenye kadi ya kliniki: mapigo ya moyo wa mtoto, mia na arobaini.

Hudhurio la pili, mia na arobaini. La tatu, mia na arobaini.

Hapo ndipo ninapotaka umtazame vizuri huyu dada mtu, maana hakuwa mjinga. Uzito wa mdogo wake ulipanda kadi nzima, presha ilikuwa inapanda na kushuka kidogo kama ya mtu yeyote, ila safu ya moyo wa mtoto ilisimama palepale, namba moja, wino mmoja. Bi Mhuri aliijua safu ya namna ile. Ofisini kwao kulikuwa na mitungi tisa ya kuzimia moto, na kila mwezi ilikuwa kazi yake kuizungukia, kutazama mshale na kujaza kadi. Mwaka wa sita huo alikuwa anaijaza akiwa amekaa kitini: sawa, sawa, sawa, mara tisa, saini, mhuri.

Alijua, na akanyamaza. Alikwisha kujisifu kwa shemeji, kwa majirani, kwa ofisi nzima. Angeanzia wapi kusema mkunga wake wa miaka thelathini na moja anabuni? Akajiambia kwamba huenda mtoto mwenyewe ni mtulivu tu. Hudhurio la nne na la tano alijitia hamnazo, akawa anakikunja kile kikadi haraka na kukitia mkobani.

Mwezi wa tisa, Jumatatu asubuhi, mdogo wake alimkuta anakunywa chai kabla ya kwenda kazini.

"Dada, hachezi. Tangu jana anagusa mara moja, kisha kimya."

Hofu ilimpanda Bi Mhuri, tena hofu kubwa. Alichofanya ni kufungua mkoba na kutoa kadi. "Tazama. Mia na arobaini, mara zote tano. Moyo unakwenda kama saa. Nafasi imembana tu, wala usijitie wasiwasi. Alhamisi si tunakwenda kliniki?"

Mdogo wake aliitazama kadi. Alikuwa amezoea kumwamini dada yake tangu alipokuwa anafungwa naye kamba za viatu. Akarudi kulala.

Alhamisi mkunga alimlaza, akanawa mikono, akainama na kipembe. Fundi wa chini alikuwa hajaja kazini, chumba kilikuwa kimya kabisa. Mkunga akanyanyuka, akatabasamu, akaandika. Kisha akageukia beseni kunawa tena.

Bi Mhuri alisimama nyuma yake. "Sista, umeusikia moyo?"

Mkunga aliendelea kusugua vidole.

"Sista. Umeusikia?" Safari hii kwa sauti ya kawaida kabisa, hatua mbili tu nyuma ya mgongo wake. Maji yakaendelea kutiririka. Mdogo mtu pale kitandani alikuwa ameinua kichwa, anawatazama wote wawili.

Bi Mhuri akamshika mkunga bega, akamgeuza. "Husikii."

Mkunga aliutazama mdomo ule, akaelewa. Uso ulimwanguka, akaonekana bibi kizee kwa mara ya kwanza. "Sikio la kulia lilikuwa bado linasikia," alisema. "Mwaka jana lilikuwa linasikia. Sijui kazi nyingine mimi."

Hospitali hawakukawia. Daktari alipitisha mashine tumboni, akairudisha, akaita mwenzake, naye akaipitisha. Kisha wakaizima. Daktari alisema mtoto hana uhai siku mbili, pengine tatu, ila itabidi azaliwe kwa njia ya kawaida, na yeye mama asiogope. Akaomba kadi. Aliisoma mpaka mstari wa mwisho ulioandikwa asubuhi ile, akanyanyua macho. "Alianza lini kupunguza kucheza?"

"Jumapili," alisema mdogo mtu.

"Angeletwa Jumatatu..." Daktari aliiacha hapo, akaweka kadi kitandani na kutoka.

Walibaki wawili na ile kadi. Bi Mhuri alitamani kulia, akaona hana haki ya kutangulia. Mdogo wake aliichukua, akaifuata ile safu kwa kidole, taratibu, mara sita.

"Zote sawa," alisema. "Wewe unasoma makaratasi kutwa, Dada. Hukuiona?"

Angeweza kudanganya, na pengine angeaminiwa. "Niliiona," alisema. "Tangu hudhurio la tatu."

"Na Jumatatu uliponionyesha?"

"Nilikuwa najua."

Mdogo wake alirudisha kadi mkononi mwa dada yake, akajigeuza kwa tabu na lile tumbo lake, akaelekea ukutani. Bi Mhuri alinyoosha mkono amguse mgongo, mkono ukaishia hewani, akaurudisha mapajani.

Muuguzi wa wodi akaingia na fomu na kalamu. "Atakayekaa na mgonjwa aandikishwe hapa. Mama, wewe ni nani wake?"

Bi Mhuri alifungua mdomo, ila mdogo wake akamtangulia, bila kugeuka.

"Ndiye aliyenitafutia mkunga," alisema.