Mlango wa Upande wa Mlimani

Nina wasanifu majengo mia na arobaini chini yangu, na huu ni mwaka wa nane sijachora hata choo. Kazi yangu ni vikao. Asubuhi kikao, mchana kikao cha kurekebisha kilichoharibika asubuhi, jioni nasaini. Saini ndiyo mchoro pekee unaotoka mkononi mwangu, na siku hizi haina hata herufi, ni mstari uliolala. Nimechoka. Nalisema hapa kwa sababu ofisini mkubwa haruhusiwi kuchoka.

Siku hiyo tulipanda Mgeta, mimi na msaidizi wangu Evance, kukabidhi rasmi ghala la mboga tulilowachorea wakulima. Lilikuwa limeshatumika mwezi mzima, zilibaki hotuba tu. Evance alikuwa na jambo lake jingine ndani ya faili: mchoro uleule ujengwe kwenye vijiji tisa vingine vya milimani. Mafundi wangeanza Jumatatu, nikishasaini.

Mgeta ndiko nilikozaliwa. Mama yangu bado anaishi kule juu, na alishamtangazia kila mtu kwamba ghala kachora Eva wake, yaani mimi. Tulifika mapema. Nilibaki garini nimefumba macho, nikiiba dakika tano za usingizi.

"Bosi, hapa tu, tumalize," Evance akaniwekea faili mapajani.

Nilikuwa nimeshafungua kalamu niliposikia sauti ya mwanamke, "Nitue!"

Neno hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Ni la mtu mwenye mzigo kichwani asiyeweza kuushusha peke yake. Nikageuka kutazama. Upande wa barabara ghala lina lango pana la kupakilia malori. Upande wa mlimani, wakulima wanakoshukia na njia yao ya miguu, lina mlango wa kawaida, mita mbili na sentimita kumi, kama milango ya ofisi zetu Dar. Mwanamke amesimama mbele yake na tenga la karoti kichwani, na tenga limeipita lenta, ile boriti ya juu ya mlango. Bibi mmoja akainuka kwenye kigoda, akashika upande wa pili, wakalishusha wote wawili, wakaliburuta ndani. Bibi hajakaa vizuri, akashuka mwingine.

"Nitue, bibi!"

Akainuka tena, akiwa ameshika kiuno. Alikuwa mama yangu.

Nilishuka garini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?" Tenga hakuliachia.

"Unafanya nini hapa?"

"Si nawatua."

"Tangu lini?"

Alijibu mwenye tenga, jirani yetu Zuhura, huku akijifuta jasho. "Tangu lifunguliwe, dada. Kila siku ya gulio. Sisi tulitaka twende kwa mwenyekiti tukaseme mlango mfupi, bibi akatukatalia. Kasema msimseme mwanangu, nitakaa mwenyewe niwatue."

Mama aliangalia chini kama mtoto aliyeshitakiwa. Ana miaka sabini na sita.

Niliona aibu. Kwa sababu nilijua. Mwaka wa kwanza chuoni nilimsimamisha Mama huyuhuyu mlangoni kwetu, tenga la kabichi kichwani, nikampima: mita mbili na sentimita arobaini. Karatasi ile niliitunza miaka mingi. Halafu akaja kijana mmoja ofisini, mzuri tu, ambaye hajawahi kujitwika hata ndoo, akaleta mchoro wake, nami nikausaini katikati ya vikao viwili bila kuufungua. Yeye alichora anachokijua.

"Hapa tutavunja lenta, tutarekebisha," Evance alininong'oneza. "Lakini hayo tisa saini, bosi. Tukisimamisha leo, lazima tuandike kwamba kosa ni letu. Mbele ya wageni wote wanaokuja."

Nilitamani kusaini. Nakiri. Saini moja, hotuba, gari, usingizi hadi Mikese, kwenye barabara ya Dar.

Mama alikuwa amesikia. Akauliza bila hasira hata kidogo, kama mtu anayeulizia njia:

"Na huko kwingine, mlangoni atakaa mama wa nani?"

Evance akanisogezea faili. Nililiweka faili juu ya boneti, nikaandika katikati ya mchoro: Usijengwe. Kosa ni langu. Chini yake nikaandika jina langu lote, herufi moja moja.

"Wageni wakifika, wasomee hivyohivyo," nilimwambia.

Kule njiani kukaitwa tena, "Nitue, bibi!" Mama akashika kiuno ainuke. Nilimkalisha, nikavua koti la ofisini, nikaenda mimi. Tenga lilikuwa la kabichi, na mikono yangu haikujua tena pa kushika.

"Kunja magoti kwanza," Mama alisema nyuma yangu. "Utaumia mgongo, mwanangu, umechoka."