Vifungo Ishirini na Kimoja

Fundi cherehani wa mtaa ule alikuwa na sifa mbili, na zote mbili alizitangaza mwenyewe. Ya kwanza, hakuwahi kukosea kipimo tangu ashike mkasi. Ya pili, kila nguo aliyoshona aliiachia nafasi: kitambaa cha ziada kimekunjwa kwa ndani, kwenye mishono na kwenye upindo, ili mtoto akirefuka au mtu mzima akinenepa, nguo ifumuliwe na kuongezwa. Wateja walilalamika kwamba kitambaa cha kutosha suruali mbili kwake kinatoa moja. Yeye, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, alikuwa na jibu moja tu: mtu hukua. Akishasema hivyo, mjadala umefungwa.

Sifa ya tatu hakuitangaza, ila watu waliijua. Miaka miwili nyuma aliingia mbio za kilomita ishirini na moja, na alipofika kilomita ya kumi na nne akaketi katikati ya barabara, akapandishwa gari la kuokota waliochoka. Hilo lenyewe si neno. Kuchoka si dhambi, na mtu aliyekaa mbele ya cherehani miaka ishirini na minane ana haki yake ya kuchoka. Neno ni kwamba rafiki yake alipanda lile gari pamoja naye.

Rafiki huyo mtaa mzima ulimwita Barua, kwa kuwa alikuwa tarishi wa posta. Alikuwa mwembamba, mrefu wa miguu, na kwa miaka thelathini na minne alikuwa amepeleka barua kila mlango bila baiskeli. Siku ile ya mbio hakuwa amechoka hata chembe, angeweza kumaliza huku akipiga mluzi. Lakini alipogeuka akamwona Fundi amekaa, alirudi, akaingia garini, akafunga mlango. Fundi alimsihi ashuke, akamsihi tena, mwisho akamtukana kidogo. Barua akajibu kwamba nyumbani walitoka wawili, na akirudi peke yake mkewe atamuuliza wa pili amemtupa wapi.

Sasa, sebuleni kwa Barua kulikuwa na msumari. Aliupigilia wiki moja kabla ya mbio zile, pahali pazuri, juu ya redio, ungoje medali. Medali haikuja. Mkewe, ambaye hapendi kuona kitu kikikaa bure, akaanza kuutundikia mwavuli. Kila Jumapili Fundi alipokwenda kula kwao aliuona ule mwavuli, akageuza kiti aupe mgongo. Barua hakuwahi kusema neno. Bora angesema, jamani, maana mtu akikugombeza unapata pa kujitetea.

Mwaka ulipoanza Barua akaleta habari. Mwezi wa mbio ndio mwezi wake wa kustaafu, na siku tano baada ya mbio yeye na mkewe wanahamia kwa binti yao, safari ya siku mbili kwa basi. Fundi alimpongeza, akarudi dukani, akakaa mbele ya cherehani bila kushona chochote. Hizi ndizo mbio zao za mwisho. Akiketi tena barabarani, Barua ataketi naye, na ule mwavuli utahama na msumari wake. Akapiga moyo konde: mwaka huu atafika mwisho, hata kama ni kwa kutambaa, ili rafiki yake apate medali yake.

Ilibidi kwanza ipatikane njia ya mazoezi, nayo ipimwe. Nani apime? Swali gani hilo. Fundi alitaka mzunguko wa kilomita moja kamili, uanzie mlangoni pake, upite duka la dawa, ushuke hadi ukuta wa shule, uzunguke kwa waosha magari na kupanda tena kwa seremala. Akakata kamba ya mita kumi, akaongeza nusu mita kila upande ya kufungia kwenye vijiti, akatia alama kwa chaki yake ya kushonea pale mita kumi zinapoanza na zinapoishia. Kazi safi. Lakini barabara ilikuwa ngumu, vijiti vikagoma kuingia, na Fundi akavitupa mtaroni kwa hasira. Wakaamua kuishika kamba kwa mikono, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, mara mia moja. Hapo katikati Barua akaanza kuuliza kitu kuhusu ile kamba. Fundi akamkata kauli, akamuuliza kama kuna siku yeye amewahi kumfundisha namna ya kupanga barua. Barua akasema hakuna, akafunga mdomo, wakaendelea.

Mazoezi yakaanza, alfajiri mara tatu kwa wiki, na Jumamosi ndiyo siku ya mbio ndefu. Fundi aliweka kopo la maziwa kwenye ngazi ya duka, na mfukoni akatia vifungo ishirini na kimoja vya koti. Kila wakimaliza mzunguko anatupa kifungo kimoja koponi, kinalia kama kengele, wanaendelea. Mwezi wa kwanza vililia vitatu, na baada ya hapo Fundi alishona amesimama wiki nzima kwa kuwa kukaa kulimuuma kuliko kusimama. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto huku akicheka, akimuuliza kama kuna mtu anamdai au anakimbia tu kwa hiari yake. Mwezi wa tatu vikafika kumi. Seremala, ambaye alikuwa na maneno mengi kuliko mbao, akawa anawapokea kila mzunguko kwa kuwapa pole ya msiba.

Kukimbia na Barua kulikuwa raha. Alijua kila nyumba, nani huandikiwa na nani, nani hupokea bahasha akaificha kabla mkewe hajaiona. Hakutaja jina hata moja, siri za posta alizitunza, lakini alikuwa akipita mlango fulani anacheka peke yake, na Fundi alilazimika kuongeza mwendo amfikie ili amdadisi. Nusu ya pumzi ya Fundi iliishia kwenye umbea. Kilomita zikapungua bila yeye kujua.

Mpaka kifungo cha kumi na tisa. Hapo ndipo palipokuwa na mkosi. Jumamosi tatu mfululizo kifungo cha kumi na tisa kililia koponi, na papo hapo magoti ya Fundi yakakatika, akaketi kwenye ngazi ya duka lake mwenyewe na asiweze kunyanyuka hata kufungua kufuli. Viwili vilibaki mfukoni, Jumamosi zote tatu, vikawa vyepesi mkononi na vizito rohoni. Alibadilisha raba, akala zaidi, akala kidogo, akalala mapema. Wapi. Barua alimpa mkono na kumwambia asiwe na wasiwasi, kwa maoni yake mambo ni mazuri. Fundi aliona anadanganywa kama mgonjwa.

Usiku wa kuamkia mbio akapanga hila. Akifika kilomita ya kumi na nane, kabla magoti hayajamsaliti, atamwambia Barua kwamba anachepuka kujisaidia, na kwamba atangulie, atamfikia mbele. Barua akishapotea machoni, yeye ataketi aokotwe peke yake. Uongo wa kuokoa rafiki si uongo, alijiambia, akalala.

Siku ya siku ikafika, na watu wakamwagika barabarani na namba vifuani. Fundi alikuwa amebandua yake na kuishona kwa kuwa waandaaji waliibandika kwa pini, aibu gani hiyo. Wakaanza taratibu, bega kwa bega. Kilomita ya tano, hajambo. Ya kumi, wanateta. Ya kumi na nne, pale pale alipoketi mwaka ule, Barua alipunga mkono kuiaga lami, na Fundi akacheka hadi akapaliwa.

Kilomita ya kumi na nane ikaja. Fundi alifungua mdomo aseme uongo wake, halafu akaitazama miguu yake. Ilikuwa inakwenda, haimuulizi kitu. Akaona si vibaya kungoja kidogo. Kibao cha kumi na tisa kikapita, naye akakunja uso na kusubiri kifo cha magoti, lakini kifo hakikuja. Kibao cha ishirini kikapita. Moyo wake ulijaa furaha kama ya mtu aliyeokota alichopoteza, na akaanza kuuona ule mwavuli ukitafuta makazi mengine. Wakakata kona, na mbele yao, mwisho wa barabara iliyonyooka, pakaonekana utepe, watu, na meza ya medali.

Magoti yakakatika hapo. Mita mia moja tu zilibaki, mtu angeweza kurusha jiwe likafika, na Fundi akaketi chini pwaa, vilevile kama kwenye ngazi ya duka lake. Alijaribu kunyanyuka, miguu ikakataa. Nyuma gari la kuokota waliochoka lilikuwa linakuja polepole. Na Barua, bila shaka, alikuwa amesimama.

Fundi alimwambia aende. Alimwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha machozi yakamtoka, akamwomba kwa jina la urafiki wao avuke peke yake, maana ule msumari unamchoma yeye miaka miwili sasa. Barua alichuchumaa mbele yake, akamtazama, akamfuta vumbi begani.

"Fundi," akasema, "ile kamba yako ilikuwa na mita kumi na moja."

Fundi akanyamaza kulia.

"Nilishika nchani kabisa, nawe ulishika nchani kabisa. Alama yako ya chaki ilikuwa nusu mita mbele ya ngumi yangu, nikiiona kwa macho yangu. Kila kilomita yetu ilizidi mita mia. Vifungo vyako kumi na tisa vinaishia hapa ulipoketi."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Nilitaka kukwambia, ukaniuliza habari za kupanga barua."

Kuna vitu mtu huvumilia. Kuchekwa na mkewe, kupewa pole na seremala, kuokotwa njiani. Lakini miaka ishirini na minane ya kipimo kisichokosea, na mtu ameshuhudia kosa akakaa kimya miezi sita, tena anatabasamu? Damu ilimpanda Fundi kichwani. Akashika lami kwa mikono miwili, akanyanyuka, hakujua kanyanyuka na miguu ya nani, akamrukia. Barua aliruka kando na kutimua mbio. Hasira hasara, walisema wahenga, ila wahenga hawakumwona Fundi siku ile. Alimfukuza mita mia nzima, mkono mbele, akimwita kila jina isipokuwa lake, na watazamaji wakadhani ni wazee wawili wanagombea nafasi, wakawapigia makofi na vigelegele. Barua akavuka utepe. Fundi akavuka nyuma yake, akamdaka shingoni, wakaanguka wote wawili.

Walilala hapo wakitweta. Mama mmoja wa mezani akawainamia akawavisha medali palepale chini. Fundi alishika ile ya rafiki yake, akaipindua, akaona mshono wa utepe umekwenda upande, na kwa mara ya kwanza maishani akanyamazia kazi mbovu.

"Miezi sita," alisema pumzi ilipomrudia. "Miezi sita nakaa kwenye ngazi najiona sifai. Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe nguo za watoto unaziachia nafasi kwa nini?"

Fundi alilijua jibu, kalisema mara elfu. Alilitafuta akalikuta limejaa machozi, basi akamkumbatia tu.

Kesho yake Jumapili, Fundi na mkewe walikwenda kula kwa Barua kama kawaida, ingawa nyumba ilikuwa imejaa maboksi. Barua aliutoa mwavuli, akatundika medali juu ya redio, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Mkewe alipiga kigelegele kimoja kirefu, kisha akauinua mwavuli.

"Haya shemeji, na huu nitautundika wapi?"

Fundi akatoa mfukoni msumari mpya, aliouomba kwa seremala tangu mwezi wa tatu. Shemeji yake akamkumbusha kwamba Alhamisi wanahama, nyumba wanaiacha, msumari wa nini tena.

"Siku nne si haba," Fundi alisema, akavua futi shingoni apime.

Barua alisogea akamshikia ncha ya pili, palepale penye alama.